Oili ya Injini ya Dizeli: Namna ya Kuibadili Nyumbani, na Mahali pa Kuipeleka

Juma hili twataka kusema na wasomaji wetu wenye magari ya dizeli: mkulima mwenye pikapu ya kupeleka nyanya na kabeji sokoni, karani aliyeshirikiana na ndugu zake kununua lori dogo la mizigo, na yule mwenye matatu moja ambayo ndiyo mali yake yote. Watu wa namna hii hawapati usingizi gari linapolala gereji, kwa kuwa gari lile ndilo karo ya shule, ndilo kodi ya nyumba, ndilo unga wa jikoni. Nao huuliza mara kwa mara: Je, kazi ya kubadili oili ya injini yaweza kufanywa nyumbani na mwenye gari mwenyewe?

Jibu letu ni kwamba yaweza, maana kazi yenyewe si ngumu. Lakini fahamu, msomaji, kwamba ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kuitoa oili ya zamani na kutia mpya. Ya pili ni kuifikisha ile ya zamani mahali pake pa haki. Wengi huijua ile ya kwanza tu. Huifanya kwa uangalifu, kisha huchukua karai lililojaa oili nyeusi wakalimwaga mferejini. Mtu huyo amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki amewatwika jirani zake.

Jambo hili lina uzito zaidi katika mahali kama Githurai 45. Wenyeji wajua kwamba jina hilo latokana na nambari ya basi lililokuwa likienda huko, kama vile jirani yake, Githurai 44. Hii ya 44 imo katika Kaunti ya Nairobi, na ile ya 45 imo katika Kaunti ya Kiambu, upande wa Ruiru, na kati yake yapita barabara kuu ya Thika, iliyopanuliwa na kufunguliwa rasmi mwezi wa Novemba 2012. Magari ya dizeli hapo hayahesabiki: ya abiria, ya vitunguu, ya ndizi, ya mchanga na mawe. Viwanja navyo ni vidogo, nyumba zimebanana, na ua mmoja hutumiwa na wapangaji wengi. Oili imwagwayo hapo haiendi mbali kabla ya kufika mlangoni pa mtu.

Kabla ya kuendelea, neno moja la kuondoa fujo. Katika makala haya tukisema "dizeli" twakusudia mafuta yachomwayo na injini, na tukisema "oili" twakusudia mafuta mazito ya kulainisha vyuma vilivyomo ndani yake.

KWA NINI OILI HUWA NYEUSI

Injini ya dizeli ilibuniwa na Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, naye alifaulu kuiendesha vizuri huko Augsburg mwaka 1897. Tofauti yake na injini ya petroli ni kwamba haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni huibana hewa kwa nguvu nyingi mpaka joto la hewa hiyo likapita nyuzi 500 za Selsiasi. Dizeli inyunyizwapo ndani yake huwaka yenyewe. Kuwaka huko huacha masizi, mfano wa yale yaliyo chini ya sufuria ipikwayo juu ya kuni. Sehemu kubwa hutoka kwa njia ya ekzosi, lakini kidogo hupenya kando ya pistoni na kuteremka katika oili.

Oili nzuri hutiwa dawa kiwandani ya kuyashika masizi hayo yaelee, yasigandamane wala yasishike vyuma. Kwa hiyo oili ya dizeli huwa nyeusi baada ya mwendo mfupi tu, na weusi huo ni dalili kwamba yafanya kazi yake. Mwenye gari asishtuke akiona kijiti cha kupimia kimekuwa cheusi siku ya pili baada ya kubadili, wala asidanganywe na mtu amwambiaye kwamba imeharibika na kumtaka anunue nyingine. Kadhalika asiwe kama yule asemaye, "Bado ni laini vidoleni, ingoje mwezi mwingine." Jicho na kidole havipimi oili. Kipimo chake ni hesabu ya kilomita na ya miezi.

Dawa tuliyoitaja haidumu milele; hufika siku ikashindwa. Tena dizeli ina kiberiti ndani yake, nacho kikiungua huleta asidi ilayo vyuma. Ni kweli kwamba nchi za Afrika ya Mashariki zilianza kutumia dizeli safi zaidi Januari 2015, yenye kiberiti kisichozidi sehemu 50 katika milioni, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini asidi imepungua tu, haikwisha. Oili iliyopitwa na muda wake huwa nzito kama uji, hushindwa kufika mahali pembamba, na beringi huanza kusagika. Hapo gharama si ya oili tena bali ya injini nzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

HESABU YA KILOMITA

Tazama kitabu cha gari lako kimeandika kilomita ngapi. Tuseme kimeandika 5,000. Gari litokalo Githurai kwenda Thika na kurudi mara moja kwa siku hutembea kadiri ya kilomita 60. Kwa siku sita za juma hizo ni kilomita 360, na kwa majuma 14 ni 5,040. Basi mwenye gari hilo apaswa kubadili oili kila baada ya miezi mitatu na siku chache. Hesabu hii haihitaji fundi. Yahitaji daftari na kalamu tu.

Walakini iko kazi isiyoonekana katika hesabu ya kilomita. Gari likisimama stendi nusu saa, injini yanguruma likingoja abiria, saa ya kilomita haisongi, lakini oili yazidi kuchakaa. Ndivyo ilivyo pia kwa gari lililonaswa katika msongamano, litembealo safari fupi fupi, au lipitalo njia za vumbi. Watengenezaji wa magari huita matumizi hayo kazi ngumu, na aghalabu huandika muda mfupi zaidi kwa ajili yake. Mwenye gari la kazi afuate muda huo mfupi.

KUCHAGUA OILI

Juu ya kopo huandikwa alama kama 15W-40. Herufi W yatokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi: nambari iliyo mbele yake yaonyesha jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, na nambari ya pili yaonyesha uzito wake injini ikiwa moto. Tena tafuta alama ya API ya daraja. Daraja zianzazo na herufi C, kama CH-4 au CI-4, ni za injini za dizeli. Zianzazo na S ni za petroli. Gari jipya lenye chujio la masizi katika ekzosi lahitaji oili maalumu yenye majivu machache, na kutia nyingine kwaweza kuliziba chujio hilo la thamani kubwa. Kitabu cha gari ndicho mwamuzi, wala si muuza duka.

Nunua kopo lenye muhuri usiokatika, katika duka litakalokupa risiti. Uwe mwangalifu na oili ya bei ya chini mno, maana wako walaghai wajazao makopo ya zamani kwa oili iliyokwisha kutumika.

KAZI YENYEWE

Kusanya vyombo kwanza: oili mpya kwa kipimo cha kitabu (pikapu nyingi za dizeli huchukua baina ya lita sita na nane, na lori huchukua zaidi), filta mpya, washa mpya ya nati ya kumwagia, spana ya saizi kamili, karai kubwa kuliko oili itakayotoka, faneli, matambara, glavu, jerikeni yenye kifuniko, na ndoo ya mchanga mkavu au vumbi la mbao.

Chagua mahali tambarare, pagumu, mbali na kisima, mferejini, na watoto wachezapo. Kama ua wako hauna mahali pa namna hiyo, ni heri upeleke gari gereji siku hiyo. Kando ya barabara si mahali pa kazi hii, maana miguu yako itakuwa njiani na macho yako chini ya gari.

Washa injini, uendeshe gari kadiri ya dakika kumi, ili oili ipate joto na kuchukua takataka itokapo. Kisha zima, ungoje robo saa. Oili ya injini iliyotoka safari ndefu huunguza ngozi vibaya sana, basi usiwe na haraka.

Vuta hendibreki, tia gia, weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu, na ufunguo utie mfukoni mwako. Pikapu nyingi na malori huwa juu kiasi cha mtu kuingia chini bila kuliinua gari. Ikiwa ni lazima kuinua, sikia neno hili na ulishike: usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia. Ya kushikilia ni stendi za chuma. Matofali ya saruji hupasuka ghafula bila kutoa onyo, nayo mawe huteleza. Uhai wa baba wa watoto haulinganishwi na ujira wa fundi.

Fungua kifuniko cha juu cha kutilia oili, ili hewa iingie. Weka karai chini ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Legeza nati kwa spana, kisha maliza kuifungua kwa vidole ukiisukuma ndani kidogo, na mara ya mwisho uiondoe upesi, mkono ukae kando. Oili itaruka mbele kwanza, ndipo ianguke wima. Iache idondoke kwa dakika 20.

Wakati huo usikae bure. Itazame oili hiyo, kwa maana yasema habari za injini kama vile jicho la mgonjwa limsemezavyo daktari. Ikimeta kama ina unga wa fedha, vyuma vyasagika, muulize fundi kabla ya safari nyingine ndefu. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, labda gasketi ya kichwa cha injini imeungua. Ikiwa nyepesi, yanuka dizeli, na ilikuwa imepanda kijitini juu ya kipimo, dizeli yavuja kuingia ndani yake. Mwenye gari aliyeitazama oili yake kwa dakika tano ameona mambo ambayo mwenzake huja kuyaona barabarani usiku.

Rudisha nati pamoja na washa mpya. Ikaze ikazike, lakini usitumie nguvu zako zote. Wako waliokata meno ya sampu wakanunua nyingine. Kisha ondoa filta, na hakikisha kwamba ule mpira wa mviringo umetoka pamoja nayo. Mpira wa zamani ukibaki umenata na mpya ukawekwa juu yake, oili yote itamwagika injini iwakapo. Paka mpira wa filta mpya oili safi, izungushe mpaka iguse, kisha uikaze kwa mkono kadiri ilivyoandikwa juu yake, aghalabu robo tatu ya mzunguko.

Sasa tia oili mpya. Usimimine yote kwa mara moja. Bakiza kadiri ya lita moja, ngoja dakika chache, upime kwa kijiti, kisha ongeza kidogo kidogo mpaka karibu na alama ya juu. Watu wengine hudhani kuzidisha ni ukarimu. Sivyo. Oili ikizidi hupigwa na mhimili wa injini ikatoa povu, na povu halilainishi chuma. Katika injini ya dizeli iko hatari nyingine: oili iliyozidi yaweza kuvutwa katika njia ya hewa, injini ikaichoma kama dizeli, ikanguruma kwa kasi isiyozuilika hata ufunguo ukizimwa.

Washa injini bila kukanyaga mafuta. Taa nyekundu ya oili yapasa kuzimika baada ya sekunde chache. Isipozimika, zima mara moja. Gari lenye turbo lingoje zaidi, kwa kuwa turbo huzunguka kwa kasi mno na haivumilii ukavu. Chungulia chini kama pana uvujaji. Zima, ngoja dakika tano, upime tena, uongeze palipopungua. Mwisho andika daftarini tarehe, kilomita, aina ya oili na kilomita za kubadili tena. Siku ya kuuza gari, daftari hilo ni shahidi mzuri kuliko maneno mengi.

SEHEMU YA PILI YA KAZI

Mikono bado michafu, na mbele yako liko karai la oili nyeusi. Hapa ndipo tabia ya mtu hujulikana.

Wako waimwagao katika vumbi la ua ili lisipeperuke. Wako wapakao nguzo za ua kuzuia mchwa. Wako wapakao ng'ombe au mbwa mwenye upele, na wako waichomao pamoja na takataka. Twajua kwamba wengi hufanya hivyo kwa kutaka kutumia kitu kisipotee bure. Lakini oili iliyotumika si ile iliyotoka koponi. Ina masizi, ina vumbi la vyuma, ina sumu zilizozaliwa katika moto wa injini, ambazo wataalamu wa afya huonya kwamba zikizoea kugusa ngozi kwa muda mrefu zaweza kuleta maradhi ya ngozi, hata saratani. Ndiyo sababu tukataja glavu. Mnyama mwenye upele hujilamba, naye huimeza sumu hiyo. Daktari wa mifugo ana dawa bora. Moshi wa kuichoma huingia madirishani mwa watu. Na iliyomwagwa ardhini haiozi upesi, mvua huichukua.

Huichukua wapi? Maji ya upande wa Githurai na Ruiru huteremka katika bonde la Mto Athi. Mto huo waendelea kwa jina la Galana, kisha Sabaki, mpaka Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Njiani wamo wanyweshao ng'ombe na wanyweshao mboga, na baadhi ya mboga hizo hurudi sokoni Githurai. Idara ya Serikali ya Marekani ya kulinda mazingira imeandika kwamba oili itokayo katika gari kwa kubadili mara moja tu yaweza kuharibu galoni milioni moja za maji matamu, yaani karibu lita milioni 3.8. Zidisha kwa magari ya mtaa mmoja. Wazee walisema kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Hapa janga huliwa hata na wasio wake.

Sheria nayo haikunyamaza. Sheria ya Kenya ya mwaka 1999 ya kusimamia mazingira yakataza kumwaga oili katika ardhi na maji, na mamlaka iitwayo NEMA ndiyo yenye kuwapa leseni wachukuzi wa taka za hatari. Lakini twaamini kwamba msomaji wetu hahitaji askari mlangoni ili afanye lililo jema.

Fanya hivi. Mimina oili ya zamani katika jerikeni yenye kifuniko, kwa faneli. Isiwe jerikeni ya maji wala chupa ya soda, maana mtoto hunywa akionacho chupani. Iandike kwa herufi kubwa: OILI CHAFU. Usiichanganye na maji, petroli, wala rangi, kwa sababu oili iliyochanganywa haifai kusafishwa tena, na iliyo peke yake yafaa kusafishwa au kuchomwa katika tanuri za viwanda zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Filta ya zamani ipindue juu ya karai siku nzima mpaka ikauke. Makopo matupu uyatoboe, wasije walaghai wakayajaza. Palipodondoka, nyunyiza mchanga au vumbi la mbao, ufagie, ulitie mfukoni.

Kisha peleka jerikeni katika gereji au kituo cha petroli kinachokusanya oili kwa ajili ya wachukuzi wenye leseni. Uliza kabla ya kununua oili mpya: "Je, mnapokea ya zamani, naye nani huichukua?" Mahali pasipo na jibu la maana, nunua kwingine. Wenye magari watatu au wanne wa mtaa mmoja waweza kuweka pipa moja lenye kifuniko mahali penye kivuli, na kulipeleka mara moja kwa miezi mitatu. Hilo halihitaji chama wala mwenyekiti. Yatosha majirani kuaminiana.

Basi mwenye kubadili oili nyumbani asihesabu kwamba amemaliza injini iwakapo vizuri. Amemaliza jerikeni itokapo uani mwake ikiwa imejaa, na kurudi ikiwa tupu.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutaeleza habari za filta ya dizeli, na namna ya kutoa maji yanayojikusanya chini yake wakati wa mvua.